Jino la Mpiga Tarumbeta

Pasi ilikuwa kwenye kola ya shati la tano mama aliposikia tarumbeta ikianza chumba cha pili, kisha ikakatika. Ikaanza tena. Ikakatika palepale, kwenye sauti ya juu, na baada yake ukatoka mlio wa mtu aliyejiumiza na hataki asikike.

Mashati hayo yalikuwa ya bendi ya jazi iliyopiga kila Ijumaa alasiri kwenye baraza la hoteli kubwa, na mama, kwa kuwa ndiye dobi wao, aliwajua wote kwa madoa. La mzee wa besi lilichakaa begani, pale shingo ya besi ya kusimama inapolala. La mpiga ngoma lilikuwa jasho la kwapa tupu. La mwanawe huwa na kijani cha shaba mkononi, basi. Wiki hii lilikuja na damu kolani.

Kijana akatoka. Shavu lilikuwa limevimba kama mto wa kulalia, jicho la upande ule limeanza kufumba.

“Leo hupigi, baba,” mama alisema.

“Nisipopiga leo, Ijumaa ijayo utamfulia mwingine.”

“Twende hospitali.”

“Pale wanang’oa tu, mama. Hili ni la mbele. Tarumbeta watu wanadhani ni midomo. Ni meno! Mdomo bila jino nyuma yake ni kitambaa tu.”

Ndiyo maana alikuwa amevumilia wiki tatu, akitafuna upande mmoja, akisukutua maji ya chumvi. Na nani alimwambia avumilie? Mama huyuhuyu. “Jikaze mwanangu, ndio kwanza wamekupa nafasi.” Maumivu yanaanza hivyo, kwa maji baridi yanayochoma kidogo, na mzazi anayesema yatapita.

Akachomoa pasi.

Kwenye dirisha la hospitali karani aliandika jina bila kuinua uso.

“Kazi?”

“Mpiga tarumbeta,” kijana alijibu.

“Nimeuliza kazi, sijauliza unapenda nini.”

Mwanamke aliyekuwa nyuma yao akamgusa mama kiwiko. “Sema mlinzi, dada. Watakuhudumia vizuri.”

“Sikumlea kwa uongo,” mama alisema, kwa sauti, na foleni nzima ikasikia.

“Haya,” karani alisema. Akaandika: *Hana.*

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi. Aligonga jino, akamulika, akatikisa kichwa kwa namna iliyompa mama matumaini.

“Hili linaokoka. Nasafisha mzizi, naziba.”

“Ahsante Mungu.”

“Ngoja, mama. Dawa ya kuzibia imebaki kidogo, na agizo ni wapewe wenye barua ya mwajiri. Huyu ameandikwa hana kazi. Leteni barua kabla ya saa nane. Bila hivyo nang’oa leoleo, siwezi kumrudisha nyumbani na usaha huu. Unapanda jichoni.”

Mama alikwenda peke yake, nusu anatembea nusu anakimbia. Meneja wa hoteli alikuwa barazani akipanga viti vya wasikilizaji. Ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki: LEO JAZI.

“Shikamoo zako nimepokea, mama, lakini hawa si wafanyakazi wangu. Ni watu wanaokuja kupiga.”

“Bendi inakuja kila Ijumaa, mwaka wa pili sasa. Shati wanalovaa lina nembo yako. Nalipiga pasi mimi.”

“Nikiandika barua ya jino leo, kesho mzee wa besi ataniletea goti.” Akacheka, akidhani amechekesha. “Kwani lazima tarumbeta? Watu wanakuja kunywa chai.”

Mzee wa besi alikuwa anavuta nyuzi zake pembeni. Aliinamisha kichwa. Goti kweli lilikuwa linamuuma.

“Shemeji,” alimwambia mama polepole alipompita, “mwambie kiti chake nitakiacha wazi.”

“Kwa Ijumaa ngapi?”

Mzee akarudi kwenye nyuzi zake.

Saa nane na dakika kumi mama alisimama mlangoni kwa daktari, mikono mitupu. Daktari alijaza sindano.

“Nipe dakika moja,” kijana alisema.

Alitoa mfukoni ile sehemu ndogo ya shaba inayowekwa mdomoni, akaibana kwenye midomo iliyovimba, akapuliza bila tarumbeta. Ulitoka mvumo mwembamba, kama nyuki ndani ya chupa, lakini ulikuwa wimbo, ule wa kufungulia bendi. Koridoni mtu alianza kucheka, akanyamaza. Machozi yalimtiririka kijana mpaka kidevuni, na hakuacha hadi alipofika mwisho. Ndipo akafungua kinywa.

Wakati wa kutoka alikuwa ameshikilia pamba. Mama alikuwa na jino, limefungwa kwenye karatasi. Akamwambia asubiri kwenye benchi, akaenda dirishani.

“Fungua daftari la asubuhi. Umemwandika hana kazi. Rekebisha.”

“Mama, kwani litarudi? Si limeshang’olewa.”

“Sasa ndiyo hana. Asubuhi alikuwa nayo. Aliingia nayo humu, na mmebaki nayo nyinyi.” Akaiweka ile karatasi juu ya kaunta, akaifungua. “Andika.”

“Usinichafulie meza. Anayefuata!”

Hakuna aliyesogea. Yule mwanamke wa *sema mlinzi* alikuwa amerudi kwenye foleni, akaangalia chini.

Mama alivuta daftari kwa mkono mmoja, na kwa mwingine kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akakata *Hana* kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi, akizitamka kwa mdomo moja moja: MPIGA TARUMBETA.

Karani alinyakua daftari, akavuta droo, akaanza kutafuta raba. Aliisugua karatasi mpaka ikaanza kuchanika. Kalamu ilikuwa ya wino.