Sweta Iliyofumwa na Ndege

Uvumi ulimkuta Loveday Nancarrow kwenye foleni ya samaki, Jumanne, akiwa mtu wa tatu kutoka mbele. Bi Hocking alisema ndege ya vita anayorukia Jory inamfumia sweta. Loveday alichukua samaki wake wawili akaenda zake, lakini neno lile lilimganda kama ruba.

Ndege yenyewe ilikuwa ya doria, injini mbili na mabomu madogo manne. Ilitoka uwanja ulio juu ya magenge ya Konwali, pwani ya Uingereza, kwenda kusaka nyambizi za Wajerumani. Jory, mwanawe wa pekee, ndiye aliyekuwa mtu wa redio humo.

Jumapili alikuja kula. Alivaa sweta ya kijivu, nzito, inanuka oili, mikono yake imempita vidole.

"Hata kupima hajui," Loveday alisema, akageuza pindo. Pale kijijini kila nyumba ina ufumaji wake, ili bahari ikimtema mtu ajulikane ni wa nani. Pindo hili halikuwa na ngazi za kina Nancarrow. Lilikuwa na vidoti vilivyonyooka, kama misumari ya ribiti kwenye bawa.

"Nani huyu?"

"Mama, usianze."

"Nimeuliza nani!"

"Ni ndege yetu, nani mwingine? Makoti ya manyoya tuliahidiwa Oktoba, leo Januari. Kaona tunatetemeka." Akacheka. "Yako ya kunitambua nikifa, Mama. Yake ya kunirudisha mzima."

Loveday aliona wivu, akausukuma kando mkate wake wa zafarani. Jory aliposinzia kitini alimvua ile sweta, akaifumua yote, akamvisha ya kwake. Ilikuwa nyembamba, maana kuponi za mgao zilitosha sufu hiyo tu. Kisha akapanda uwanjani. Ndege ilikuwa imeegeshwa, inafuma kwa waya zake za redio.

"Wewe bibi," Loveday alisema, "huyu nimemzaa mimi. Katafute wako."

"Haya," ndege ilisema, ikaweka ufumaji chini. "Mvishe wewe."

Alhamisi doria ilirudi na barafu ndani ya vioo. Jory alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyogandishwa na baridi. Ofisi ya jeshi ikamwambia apige redio kwa kushoto.

Loveday alipanda tena uwanjani, na madonge ya sufu aliyoifumua kwenye kikapu. Radhi hakuomba. "Mgongo na kifua nitafuma mimi," alisema. "Mikono fuma wewe."

Ndege ikaja kutua kwenye shamba la viazi la Loveday, wakafuma sweta za vijana wote wanne walioiendesha. Bi Hocking alilalamika kwamba bawa linamzibia jua la kuanikia nguo. Loveday alikuwa akiibia macho mishono ya mwenzake kila mara, asije akapitwa.

Makoti hayakuja. Ilikuja barua: kwa kuwa ofisi imesikia vijana sasa wana joto, doria haitakuwa tena ya saa nne angani, itakuwa ya saa sita.

Basi, ninyi wenye watoto huko, epukeni haya:

Kumuuliza mtoto "nani huyu" kabla hajashiba.

Kufumua kazi ya mwanamke mwenzio kwa kuwa tu si yako.

Kumpimia mtoto baridi ukiwa wewe umekaa jikoni.

Kuwaambia wakubwa kwamba watoto wamepata nguo.