Fyuzi Iliyobaki Langoni

Zakiya aliiona fyuzi asubuhi, nyumbani kwake mtaani Langoni, alipokuwa akipanga vifaa vyake. Ilikuwa chini ya koleo, nene kama kidole gumba. Ilipaswa kuwa botini.

Kwa majuma matatu alikuwa akitandaza nyaya za umeme kwenye katamarani ya Bwana Kariuki, boti ya matanga yenye viwiliwili viwili: paneli za sola, betri, inveta, taa za mlingoti. Fyuzi kuu ilichelewa kufika, basi akaunga waya moja kwa moja ili aijaribu inveta. Fyuzi ilipoletwa aliitupa kwenye sanduku la vifaa, akaitwa juu kutazama taa, na hakurudi pale tena. Jana alimwambia Kariuki kazi imekwisha. Leo alfajiri Kariuki na mkewe, Mueni, waling'oa nanga kwenda kisiwa cha Kiwayu.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena akikimbia kuelekea gatini, kwa binamu yake Yassir, mwenye boti ya mashine.

"Wamepita ndia ipi?" Yassir aliuliza alipoombwa kuifuata katamarani.

"Ya nje, ya Manda Toto. Waya ukichubuka ukagusa injini, hakuna cha kuukata umeme. Boti itashika moto."

Yassir akawasha mashine. Njia nzima Zakiya alikuwa akitafuta moshi. Alikumbuka alivyomwambia Mueni apikie jiko la umeme bila wasiwasi.

Waliikuta katamarani imetia nanga nyuma ya kisiwa cha Manda Toto. Juu hapakuwa na mtu.

"Hodi!" aliita. Akaita tena, akigonga ubavu wa boti.

Mueni akatokeza, mwiko mkononi. "Fundi? Kuna nini?"

"Zima jiko, Bi Mueni. Zima kila kitu, tafadhali."

Zakiya alipanda, akainua ubao wa sakafu. Mawimbi yalikuwa yameusugua waya kwenye pembe ya injini. Mpira ulikuwa umelika, shaba inang'aa. Kati ya shaba na injini ilibaki nafasi ya unene wa kucha. Alizitenga betri, akabadilisha waya, akaufunga mbali na injini, akatia fyuzi. Alikaza nati ya mwisho, akageuka.

Kariuki alikuwa amesimama nyuma yake. Zakiya angeweza kumwambia ni ukaguzi wa kawaida. Akamweleza yote.

"Jana ulisema umemaliza," Kariuki alisema.

"Nilisema. Sikukagua."

Kariuki alitoka nje. Mueni alichuchumaa karibu na shimo, akaokota waya wa zamani, akaitazama ile shaba.

"Na kwingine je?"

"Sijui," Zakiya alisema. "Nataka kuanza upya, waya mmoja mmoja."

Mueni akachukua tochi, akamshikia. Walikagua hadi alasiri, wasione kosa jingine. Zakiya hakuridhika, akarudi tena kwenye betri, akaomba tochi isogezwe.