Viti Ishirini Kama cha Kwenye Picha

Randa alikuwa na mwezi mmoja tu wa kumwonyesha baba yake kwamba simu inaweza kuuza kiti. Jina hilo la utani, la kifaa cha kulainishia mbao, alipewa na majirani wa karakana, kwa kuwa akishaanza kubishana na mtu haachi mpaka amlainishe. Baba yake, fundi seremala wa siku nyingi, hakulainika. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia. "Mwezi ukiisha bila mteja wa hiyo simu yako, utakwenda kwa shangazi yako ukauze misumari." Shangazi alikuwa mtu mwema, lakini misumari ni misumari, na Randa alizipenda mbao tangu anatambaa.

Basi akafunga kibwebwe. Alitundika shuka jeupe ukutani, mkabala na mlango, ili mwanga wa asubuhi uingie kwa upole. Akafuta kioo cha kamera kwa upindo wa blauzi. Simu akaisimamisha juu ya matofali mawili na kuifunga kwa mpira wa tairi, isije ikaanguka kifudifudi kama juzi. Kiti chenyewe kilikuwa kimepigwa msasa na vanishi mpaka nzi akitua anateleza.

Picha ya kwanza ilitoka nzuri, ila haikusema jambo alilotaka lisemwe: kwamba kiti hiki hakiyumbi wala hakilii. Ulihitajika ushahidi. Akamwita kaka yake.

Hapa lazima nieleze kidogo habari za ukoo ule. Walikuwa warefu. Si warefu wa kusifiwa, ni warefu wa kuombwa wakakae nyuma. Milango ya nyumba yao alitengeneza baba mwenyewe, na vitanda pia, kwa hiyo humo ndani kila kitu kiliwatosha na hakuna aliyejiona ana ajabu yoyote. Kaka huyu, kwa kuwa ndiye mfupi kuliko wote pale nyumbani, walimwita Kidogo. Kidogo akiingia benki huinama.

Kidogo akaketi, akakunja mikono, akatabasamu. Randa akapiga picha, akaitazama, akaona haina doa. Akaiweka mtandaoni na maneno haya: "Kiti imara. Hata wewe kitakubeba."

Siku ya tatu ujumbe ukaingia. Mwalimu mmoja alitaka viti ishirini vya shule. "Viwe kama hicho hicho cha kwenye picha, na kimo hicho hicho," aliandika. Randa alimsomea baba yake ujumbe huo mara mbili, na mara ya tatu bila kuombwa. Mzee akaguna, akanoa msumeno. Kwa wiki tatu karakana haikupoa.

Siku ya kuchukua mzigo, mwalimu alifika na gari la kukodi, na mkononi amemshika msichana wa miaka minne. "Huyu ndiye kipimo changu," alisema. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Akavitazama viti vilivyopangwa uani, kisha akachungulia nyuma yavyo. "Na vile vidogo viko wapi?"

"Vidogo vipi, mwalimu?" aliuliza Randa.

Mwalimu akatoa simu yake na kuwaonyesha picha. Wakati huo huo Kidogo akatokea ndani kuja kusalimia. Mwalimu akainua macho, akaendelea kuyainua, kisha akairudia picha na kuelewa yote.

"Nilidhani ni mtu wa kawaida," alisema taratibu, "amekalia kiti cha mtoto."

"Ni mtu wa kawaida," alijibu baba, kwa uchungu. "Huyu ndiye mfupi wetu."

Kipimo nacho kilikuwa kimeshakwea kiti kwa magoti na tumbo, kikakaa, miguu ikining'inia. "Mwalimu, naona mbali," kikasema.

Randa hakucheka. Aliiona misumari, kilo baada ya kilo, ikimsubiri. Machozi yakamlengalenga. "Kosa ni langu," alisema. "Nipe siku mbili, nitavikata miguu vyote." Akaufuata msumeno shingo upande, maana miguu ile, yote themanini, aliichonga mwenyewe.

"Subiri kwanza," alisema mwalimu. Alikuwa ameketi kwenye kimoja cha viti vile, asije akaonekana mtu wa kukataa kitu bila kukijaribu. Akaegemea. Akanyoosha miguu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefundisha akikalia viti vya watoto, magoti yakimgonga kidevu. Akafumba macho, hata Kidogo akadhani amelala.

"Sita nachukua hivi hivi, vya walimu," alisema hatimaye. "Kumi na vinne vikateni. Halafu mnitengenezee sita vingine vya watoto."

Baba akauwahi msumeno. "Mimi nakata, wewe pima," alimwambia binti yake. "Mteja ni wako." Randa alifurahi mpaka akaanza kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Kiti cha kwanza kifupi kilipokamilika, baba mwenyewe alikibeba na kukiweka mbele ya shuka jeupe. "Piga picha," alisema. "Ila Kidogo akae mbali. Hapa panatakiwa kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake." Akafikiri. Kisha akavua kiatu chake, akakisimamisha kando ya kiti kwa uangalifu mkubwa, akarudi nyuma.

Randa akachungulia kwenye simu. Kiatu kilikuwa kimeijaza picha nzima. Kiti kilionekana cha mwanasesere. Akamtazama baba yake, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja, akiitabasamia kamera katika picha ambayo hakuwemo.

"Safi kabisa, baba," akasema, akabonyeza.