Makala ya Mwembe wa Kanisa

Pasteri Eugène alikata mwembe wa kanisa, akachoma makala, makaa ya kupikia, kisha akatangaza kwamba maharagwe ya mkutano mkubwa wa hapa mjini Baraka yatapikwa kwa makala hayo tu, maana yameombewa. Mimi Félicité ndiye ninayeshika mwiko wa jiko la kanisa, mwaka wa tisa huu. Kwetu, mama akilaza wageni njaa ananyang'anywa mwiko mbele ya watu, anapelekwa kuosha sufuria. Basi niliogopa, sifichi.

Makala nayajua. Ukigonganisha vipande viwili vya mti mgumu wa milima ya Fizi, vinalia kama chuma. Vya mwembe vinafanya pu, basi. Gunia lake unaliinua kwa mkono mmoja. Yanashika moto upesi, yanarusha cheche kwa majivuno, na kabla maji hayajachemka umebaki na majivu.

"Pasteri, makala ya maembe haina nguvu," nilimwambia. "Maharagi inaomba moto ya kukaa."

"Mama Félicité, we unakosa imani."

"Imani niko nayo. Moto njo sina."

Jumapili, kufikia saa nne, magunia sita yalikuwa yamekwisha na maharagwe yangeweza kuvunja jino. Wageni wa Fizi na Ubwari walikuwa wakiimba kwa njaa. Nikaingia kanisani katikati ya mahubiri, nikiwa na aproni yangu.

"Bamama, kila moja aende kwake, alete makala ya muti ya nguvu. Hii ya Pasteri iliombewa muzuri, lakini haijue kupika."

Kanisa likaangua kicheko. Akina mama wakatoka wote, Pasteri akabaki anawahubiria wanaume, nao walikuwa wakitazama mlango. Saa nane maharagwe yakaiva, laini kabisa.

Ndipo Pasteri akaja jikoni, uso umemvimba.

"Leta muiko. Umenipatisha haya mbele ya bageni."

Nikampa. Nililia kidogo, nikasingizia moshi. Akamnyooshea Chérie, msaidizi wangu, ambaye kwa miaka yote tisa ameutamani mwiko ule bila kuficha. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Chérie akaficha mikono ndani ya kitenge. "Mi hapana, Pasteri."

Akamgeukia Clarisse. Clarisse akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Wengine ghafla walikuwa na watoto wa kunyonyesha, hata bibi mwenye miaka sabini.

Pasteri akabaki na mwiko, na mbele yake mstari wa watu mia mbili wenye sahani. Mzee mmoja wa Ubwari akamnyooshea yake.

"Pasteri, kwangu utie mingi."

Alipakua sahani saba, akamwagia tai yake mchuzi, kisha akanirudishia mwiko na kuielekea meza ya wakubwa. Nikamwita, nikampa sahani tupu, nikamwonyesha mwisho wa mstari.