Kompyuta Iliyosubiri Misigiri

Siku Jenipher alipoanza kazi ya kompyuta kwenye kiwanda cha alizeti cha akina Manji, Chediel hakula mchana. Alikuwa amemwona Mama Hansa, mwenye kiwanda, akimmiminia yule binti chai kwa mkono wake mwenyewe. Miaka sita Chediel yuko pale, anajimiminia. Wali wake akauacha kama ulivyo.

Tumwelewe lakini. Programu ya mizani pale ofisini aliiandika yeye, peke yake, mwanzo mwisho. Mkulima anapima magunia, uzito unaingia kwenye kompyuta, risiti inatoka. Haikuwahi kumwaibisha hata siku moja. Mwezi uliopita wakafungua kituo cha kupimia kule Misigiri, na nuksi ikaanzia hapo. Kila asubuhi programu inaganda. Ukibofya haisikii, skrini inapauka, na foleni ya wakulima inafika getini. Wanazima kompyuta, wanawasha upya, na kesho yake ni yale yale.

Jumatatu Mama Hansa akawaita wote wawili. Akasema hataki kusikia lawama, anataka kazi iende. Atakayetengeneza kufikia Ijumaa ndiye atakayekabidhiwa mifumo yote, ya hapa, ya Misigiri, na ya Issuna watakapofungua huko. Chediel akaitikia sawa mama, huku moyoni akiapa kwamba mtoto wa juzi hatampora.

Na kosa alilipata, tena Jumanne tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa ndani ya mistari yake mwenyewe. Programu ya ofisini inaiuliza kompyuta ya Misigiri uzito, halafu inasubiri jibu. Umeme wa Misigiri ukikatika katikati, kama ilivyo kila asubuhi, kule hakuna wa kujibu wala wa kuaga, na huku programu inasubiri tu, kazi nyingine zote zimesimama. Chediel hakuwa ameiwekea kikomo. Kwao Unyambwa alilelewa hivyo: ukimwamkia mkubwa, unasimama hapo hapo mpaka aseme marahaba, hata akikawia. Huondoki. Akaandika programu kama alivyolelewa, bila hata kujifikiria, na zamani waya wa mita ishirini hadi kwenye mizani ya hapo uani haukuwahi kumnyima jibu.

Dawa ilikuwa mistari miwili. Subiri sekunde tano, kimya kikizidi endelea na kazi. Angeweza kuiweka pale pale na foleni ikaisha.

Hakuiweka. Alitaka kwanza Jenipher ahangaike mbele za watu. Jumatano akamkuta amepiga magoti chini ya meza anabadilisha waya wa mtandao, akamuuliza kama siku hizi vyuoni wanafundisha ufundi wa waya. Makarani wakacheka. Jenipher naye akacheka kidogo, akaendelea. Alhamisi akabadilisha ruta. Chediel akalala usingizi mtamu, ingawa mchana ule alikuwa amempita mkulima mmoja, mzee Laurian, kwenye foleni, amekalia magunia yake juani kwa siku ya tatu, na akajifanya hamwoni.

Ijumaa asubuhi, programu imeganda na watu wote wanatazama, Chediel akavuta kiti. Akaandika mistari yake miwili polepole, akaiwasha programu upya, akamwomba mtu wa Misigiri kwa simu azime kompyuta ya kule. Sekunde tano zikapita, programu ikaandika kwamba Misigiri haipatikani, na risiti ya mkulima wa kwanza ikatoka. Mama Hansa akapiga makofi. Funguo za chumba cha mitambo akampa hapo hapo, na chai akammiminia.

Jenipher akamfuata koridoni kumpongeza. Chediel akamwambia asivunjike moyo, kazi hii ina wenyewe, pole pole atajifunza.

"Ahsante kaka," Jenipher akasema. "Mimi niliiona Jumatatu ile ile."

"Uliona nini?"

"Kwamba haina kikomo cha kusubiri. Lakini programu ni yako, na kukurekebisha mbele ya mama niliona ni kukuvua nguo. Nikashikashika waya ili upate nafasi. Nilijua Jumanne utakiweka." Akageukia mlango wa nje. "Leo usingekiweka, ningekiweka mwenyewe. Wazee wameteseka."

Alisema bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma Chediel. Jenipher angemtukana, yeye angepata cha kumkasirikia.

Binti akaenda zake nje kwenye foleni. Kupitia dirishani Chediel alimwona akimwamkia mzee Laurian na kumwomba radhi kwa Kinyaturu, kwa niaba ya ofisi nzima. Mzee akamshika mkono na kucheka. Funguo zilikuwa mfukoni mwa Chediel, hakuna alichonyimwa, na hajawahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea yule binti saa ile.