Nukta ya Tatu

Ukuta wa jirani ulianguka asubuhi, fundi bomba akiwa chini ya ardhi, ndani ya tangi la zamani uani kwa dada yake. Alikuwa ameshuka kuziba ufa. Kifusi kilifunika ua mzima, na mdomo wa tangi ukapotea.

Dada yake, mwalimu wa hesabu, alikuta wifi yake ameshainua sururu.

"Usipige hapo, wifi! Tangi lina paa la matofali, tena jembamba. Ukilipasua litamwangukia. Pa kuingilia ni mdomo tu, na uko katikati kabisa ya duara la tangi."

"Katikati ni wapi? Mume wangu anakufa, wewe unanipigia hesabu!"

Kutoka chini zilisikika ngo, ngo, za chuma kikigonga tofali.

Jirani alikuja mbio na mwashi wake, ambaye alifukua ukingo wa tangi karibu na jiko, kisha akaupata tena pembeni kidogo. "Sehemu mbili hizi. Tukadirie basi."

"Nukta mbili hazitoshi," mwalimu alisema. "Zinapitiwa na maduara chungu nzima, kila moja na kitovu chake. Nitafutie ya tatu."

Mwashi akaipata hatua moja tu kutoka ya pili. Mwalimu akatikisa kichwa. Zilikaribiana mno, karibu zinyooke mstari mmoja. Kosa la upana wa kidole lingewapeleka mbali na mdomo.

"Vunja sakafu ya baraza. Ukingo lazima upite chini yake."

"Saruji hiyo itachukua muda, mwalimu."

"Vunja!"

Alivunja. Katikati ya kazi, ngo zikanyamaza. Wifi akapiga ukelele. Mwalimu hakumwambia mwashi aache.

Tofali la ukingo likaonekana. Mwalimu alikata kamba tatu na kuzifunga mafundo kwa vipimo sawa.

"Kitovu kiko mbali sawasawa na nukta zote tatu. Wifi, weka sururu, shika hii."

Wifi hakusogea. Walitazamana. Kisha sururu ikaanguka, akaenda kushika kamba barazani, machozi yakimchuruzika. Mwashi na jirani wakashika zile mbili kwenye nukta mbili za kwanza. Mwalimu akavuta ncha zote juu ya kifusi, akawaamuru wote pamoja waongeze fundo, wapunguze, waongeze tena, hadi zikakutana zimekaza mkononi mwake.

"Hapa."

Walichimba kwa mikono. Chini ya mawe palikuwa na pengo jeusi, na vumbi, na kikohozi.

Fundi alitolewa mweupe kama unga, mkono umevunjika. Mwalimu akaketi palepale alipokuwa.

Hospitalini, mgonjwa alipolala, wifi alimnong'oneza, "Ulikuwa na uhakika?"

"Wa hesabu, ndiyo. Lakini sikujua kama aliyelijenga lile tangi alichora duara kweli."

Wifi akamshika mkono, akaukaza.