Tunu ya Kutangaza

Zipu ilikwaruza gizani, krrr, ikanyamaza. Nikasema moyoni, panya huyo, asubuhi atanitambua, nikageukia upande wa ukuta. Usingizi ulinibeba kabla sijamaliza kumtisha panya, na usiku huo wa jana nikaota sanduku langu linapiga chafya.

Tupo uwanja wa ndege, Uturuki. Najua ni Uturuki kwa sababu sakafu inang'aa na hakuna anayenisalimia. Mwanangu Tunu amenilalia begani. Mbele yetu kuna kioo kikubwa, na nyuma ya kioo amesimama mume wangu Hoza, ambaye anachomelea mabati ya meli huko. Alipoondoka Muheza, Tunu alikuwa bado tumboni. Hoza hajamshika hata mara moja. Wanajuana kwa simu tu. Mkononi ana viatu vyekundu vya mtoto alivyonunua kwa kukisia, na ananionyesha kama mtu anayeuliza, je, vitamtosha?

Kati yangu na Hoza kuna milango miwili. Wa kijani ni wa wasio na kitu cha kutangaza, mwekundu ni wa walio nacho. Hayo niliyajua. Mwalimu Mbelwa alitufundisha kwenye masomo ya jioni, siku ile mwenzangu Mwanamvua alipouliza kama huko forodhani mtu hupewa kipaza sauti. Tulicheka hadi mwalimu akaweka chaki chini. Kisha akatuambia kwamba kutangaza ni kusema wazi ulichobeba, na kwamba kutangaza si kukiri kosa. Kosa ni kunyamaza.

Mimi nikachagua mlango wa kijani. Nani asiyependa njia fupi?

Kumbe haujaiva. Nikiusukuma unatoa utomvu, unaninata kiganjani.

"Njoo wiki ijayo," mlango unaniambia. "Au pita kwa mwenzangu, yeye kaiva."

"Lakini mimi sina kitu."

Sanduku likapiga chafya. Nyuma ya kioo, viatu mkononi mwa Hoza vikapungua. Aliviangalia, akaniangalia mimi.

Ndipo akaja afisa wa forodha. Mwanamke mfupi, amejaa kifua, ana kofia ya kazi na tai. Shingo yake ilikuwa ndefu na nyekundu, tupu kabisa, na alinitazama kwa jicho la kulia, halafu akageuza kichwa akanitazama kwa la kushoto, kana kwamba hayo macho hayaaminiani.

"Habari za safari, mama Tunu. Una chochote cha kutangaza?"

"Nzuri, afande. Sina."

Viatu vikapungua tena. Sasa vingemtosha mwanasesere.

Afande akaliamuru sanduku lifunguke. Sanduku likabana zipu yake, likasema halifunguki mbele za watu, limewekewa amana.

"Amana ya nani?"

"Mwenyewe bado hajui kusoma."

Nilitaka kuliambia lisinitie aibu, lakini afande alikwisha kuvuta kanga zangu kwa pembeni. Akauliza kama zote ni za matumizi binafsi. Nikasema ndiyo. Akasema basi nizitumie. Nikajifunga ya kwanza, nikajifunga ya pili juu yake, nikaendelea mpaka nikawa kama robota la mitumba, na mikono haishuki. Akatoa chupa ya dawa ya kikohozi. Nikamweleza ni ya mtoto, na cheti cha daktari kipo. Alikitazama cheti kwa jicho moja, akasema, "Akohoe." Tunu akakohoa usingizini, mtoto mtiifu, na afande akairudisha chupa mahali pake kwa heshima.

Kisha akaigeukia kanga iliyokuwa juu kabisa, akaiuliza mama huyu amebeba nini.

Kanga ikajibu, "Uliza kwanza usinitwike lawama."

"Ndiyo nauliza."

"Uliza kwanza usinitwike lawama."

"Shahidi wako ana neno moja tu," afande akaniambia. "Ila ni neno zuri." Akasogea karibu. "Sasa niambie, una tunu yoyote?"

"Ninaye. Huyu hapa, kalala."

"Ya biashara au ya matumizi binafsi?"

"Ya matumizi binafsi, afande."

Sikumaliza kusema, mkanda wa mizigo ukaanza kutembea chini ya miguu yangu. Ukanipitisha penye masanduku ya watu, ukakata kona, ukaingia jikoni kwa mama mkwe wangu huku Muheza. Alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Hakushangaa kuniona na kanga zote zile. Akanikumbusha, bila kuinua uso, kwamba jana mimi mwenyewe nilimwambia Tunu mgeni haendi mikono mitupu. Mtoto akauliza baba anakula nini huko, nami nikajibu sijui, labda mkate mkavu, kisha nikaendelea kukunja nguo.

"Maneno ya mtu mzima hayaanguki chini, mwanangu," akasema mama mkwe. "Kuna anayeyaokota."

Mkanda ukanirudisha. Viatu sasa vilikuwa kama punje mbili za karanga, na Hoza alikuwa ameinama akivitafuta kiganjani.

Hapo niliogopa kweli. Nikisema ninacho, nitarudishwa nyumbani, na Tunu ataendelea kukibusu kile kioo cha simu. Nikisema sina, viatu vitaisha, na mtu hawezi kumpokea mwanawe kwa viatu vilivyoisha. Nikatafuta neno la kunisaidia, likaja lile la darasani.

"Afande," nikasema, "ninacho kitu cha kutangaza. Ila sikijui."

"Tangaza hivyo hivyo."

Mwanamvua akatokea na kipaza sauti, amevaa sare ya shule ya jioni ambayo hatunayo. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Nikakishika, na sauti yangu ikajaa uwanja mzima:

"Wasafiri na wenyeji, mimi Mashavu binti Semkiwa, mke wa Hoza, nimebeba tunu mbili. Moja ni mwanangu, haiuzwi wala haiazimwi. Ya pili imo sandukuni. Siijui ni nini, lakini ni yangu, na siifichi."

Mlango mwekundu ukaiva mara moja, ukatoa harufu ya papai, ukafunguka wenyewe. Sanduku nalo likashusha pumzi na kulegeza zipu. Afande akaingiza kichwa chote ndani, akatoka na kitu amekibana chini ya kwapa, sikukiona.

"Hiki hakivuki," akasema kwa upole. "Kinabaki na mimi. Wewe hukukosea, umetangaza. Pita."

Akakiweka sakafuni, akakikalia, akatandaza koti lake pande zote, akafumba jicho moja. Sijapata kuona mtumishi wa serikali aliyeridhika vile. Nami nikapita, kanga zikiburuzika, na viatu mkononi mwa Hoza vilikuwa saizi ya Tunu hasa. Akanyoosha mikono.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nje mama mkwe alikuwa anafagia uwanja, akiuliza kama dereva wa kutupeleka kupanda ndege amekwisha kupiga simu. Sanduku lilikuwa pale pale kando ya kitanda, zipu wazi kiasi cha mkono mdogo. Nikapenyeza wangu. Ndani ya kiatu changu cha safari kulikuwa na soksi ya Tunu, na ndani ya soksi kulikuwa na yai.

Mlangoni alisimama kuku wetu, kishingo, akilalamika taratibu. Shingo yake tupu, nyekundu. Akanitazama kwa jicho la kulia, halafu akageuza kichwa akanitazama kwa la kushoto. Nikamwamkia kimoyomoyo.

Tunu alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, anakiangalia kiatu. Nikachuchumaa mbele yake na lile yai kiganjani, nikamuuliza, bila ukali wowote, kama ana kitu cha kutangaza.

"Baba hana kuku," akasema.